Kufungua Mirija Baada ya Vasektomi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wanaume huleta kliniki wakiwa na haya, na wake zao huyauliza kwa sauti zaidi. Wengi huja mmoja mmoja. Ningependa mje wawili, na sababu mtaiona mkiendelea kusoma.

Upasuaji huu unafanya nini hasa?

Unaunganisha upya mirija miwili iliyokatwa mwanaume alipofunga uzazi. Kila korodani ina mrija wake wa kupitisha mbegu. Mrija huo huanzia nyuma ya korodani, hupanda kupitia kinena na kwenda kukutana na njia ya mkojo karibu na tezi dume. Kwenye vasektomi daktari hukata mrija huo, mara nyingi akaondoa kipande kidogo, kisha akafunga ncha kwa uzi au kuzichoma ili zisishikane tena. Kwenye kufungua, ncha hizo hutafutwa, sehemu yenye kovu hukatwa, halafu pande mbili zilizo hai hushonwa pamoja.

Korodani haziguswi. Wapo wanaochanganya vasektomi na kuhasiwa. Aliyehasiwa korodani zake zimeondolewa au kuharibiwa, naye hana cha kufunguliwa.

Mbona tuliambiwa vasektomi ni ya kudumu?

Ni ya kudumu, na aliyewaambia hivyo aliwaambia ukweli. Kuna njia ya kujaribu kuirudisha, lakini hakuna daktari mwaminifu atakayekuahidi kwamba itarudi. Kwa hiyo mwanaume ambaye bado hajafunga, na moyoni anajiambia "nikibadili nia nitafunguliwa", huyo asifunge kwanza. Achague njia ya muda: mke akiridhia kuna vijiti, kitanzi au sindano, na yeye mwenyewe ana kondomu.

Wanaorudi kutaka kufunguliwa hawakuwa wajinga siku ile. Maisha yamebadilika. Mtoto amefariki, au mke amefariki na baba ameoa tena. Ndoa imevunjika na mke mpya hajawahi kuzaa. Wengine walifunga wakiwa na hali ngumu ya fedha, sasa mambo yamenyooka na wanatamani mtoto mwingine. Nchini Marekani hukadiriwa kwamba wanaume kama 6 katika kila 100 waliofunga huja kutafuta kufunguliwa. Kwetu wanaofunga ni wachache, ila idadi imekuwa ikipanda: Rwanda ilianza kupeleka vasektomi isiyo na kisu hadi hospitali za wilaya kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2016 Nairobi ilikuwa kitovu cha Siku ya Vasektomi Duniani. Waliofunga miaka ile sasa ndio wenye maswali haya.

Miaka yote hii mbegu zangu zilikuwa zinakwenda wapi?

Korodani hazikuacha kazi. Zinaendelea kutengeneza mbegu kila siku, mbegu hizo zinafika kwenye kizuizi, zinakufa na mwili unazifyonza. Ndiyo maana hukuona tofauti kwenye shahawa: mbegu ni sehemu ndogo sana ya majimaji yale, mengine yote yanatoka kwenye tezi zilizo juu ya mahali ulipofungwa.

Lakini kuna jambo linaloendelea kimyakimya, nalo ndilo linaloamua mengi. Nyuma ya kila korodani kuna epididimisi, mrija mmoja mwembamba mno uliojikunjakunja ambao ukinyooshwa unafika kama mita 6. Mbegu hukomalia humo kabla ya kuingia kwenye mrija mkubwa. Njia ikiwa imefungwa juu, shinikizo hujengeka humo ndani mwaka hadi mwaka. Kwa baadhi ya wanaume ukuta wa epididimisi hupasuka mahali fulani, panapona na kuacha kovu, na hapo panakuwa na kizuizi cha pili ambacho hakuna daktari aliyekiweka. Mwanaume hasikii kitu. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo uwezekano wa kizuizi hicho unavyoongezeka.

Basi nafasi yangu ya kupata mtoto ni kubwa kiasi gani?

Takwimu zinazonukuliwa zaidi zilichapishwa Marekani mwaka 1991, kutokana na wanaume 1,469 waliofunguliwa kwa hadubini katika vituo 5. Kwa waliofunguliwa kwa mara ya kwanza, matokeo yalikwenda hivi. Waliokuwa wamefunga chini ya miaka 3, mbegu zilirudi kwenye shahawa kwa 97 katika kila 100, na wake 76 katika 100 walishika mimba. Kati ya miaka 3 na 8, mbegu 88, mimba 53. Kati ya miaka 9 na 14, mbegu 79, mimba 44. Miaka 15 na kuendelea, mbegu 71, mimba 30.

Zisome vizuri namba hizo, maana watu husoma nusu. Namba ya kwanza ni ya njia kufunguka. Namba ya pili ni ya mimba. Kituo kikikutangazia "mafanikio asilimia 90", uliza ni mafanikio ya nini: mbegu kuonekana kwenye kipimo, au mtoto? Kati ya hizo mbili kuna mwanya mkubwa, na familia nyingi huumia ndani ya mwanya huo kwa sababu hazikuelezwa.

Jambo la pili: hata baada ya miaka 15, mlango haukuwa umefungwa. Sipendi kusikia mwanaume akiambiwa "umeshachelewa, nenda nyumbani" kabla hajapimwa na mtu anayejua kazi hii.

Umri wa mke una uzito gani?

Mkubwa, na mara nyingi kuliko miaka ya vasektomi yenyewe. Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua taratibu, kushuka kwake huonekana zaidi baada ya miaka 35, na baada ya 40 hushuka kwa kasi. Upasuaji huu unahitaji muda wa kusubiri: miezi ya kupona, miezi ya mbegu kurudi, kisha miezi ya kujaribu. Mke mwenye miaka 28 ana muda huo. Mwenye miaka 41 huenda hana.

Ndiyo sababu nasema mje wawili. Mwanaume hufika peke yake akasema, "Sista, mimi nataka kufunguliwa tu, mengine tutaongea nyumbani." Ukimuuliza mkewe ana miaka mingapi, hedhi yake ikoje, amewahi kuzaa, amewahi kutibiwa maambukizi ya nyonga, anajibu kwa kubahatisha. Kisha analipa mamilioni, anafunguka vizuri kabisa, na baada ya mwaka inagundulika kwamba mirija ya mke ilikuwa imeziba siku zote. Kumpima mke kabla si kumtuhumu. Ni kulinda fedha zenu na muda wenu.

Kama mke ni yuleyule aliyenizalia, inasaidia?

Ndiyo. Wanaume wanaofunguliwa wakiwa na mke yuleyule waliyezaa naye zamani hupata mimba kwa wingi zaidi, kwa sababu tayari inajulikana kwamba wawili hao wanaweza.

Nitafanyiwa vipimo gani kabla?

Kwanza daktari atakuuliza historia: ulifunga lini, wapi, kulitokea uvimbe au maambukizi, umewahi kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Upasuaji wa ngiri ni muhimu kuutaja, kwa sababu mrija wa mbegu unapita palepale kinenani na unaweza kuwa umeumizwa huko pia. Kama una karatasi za siku uliyofunga, zilete.

Kisha atakupapasa korodani. Hapo mtaalamu hupata mengi: ukubwa na ugumu wa korodani, kama epididimisi imevimba, kipande kilichokatwa ni kirefu kiasi gani. Wakati mwingine hukuta kinundu kidogo kwenye ncha ya mrija, mahali mbegu zilipovuja na mwili ukazizungushia ukuta. Kinundu hicho ni habari njema, maana kilipunguza shinikizo lililokuwa likielekea kwenye epididimisi. Korodani zikiwa ndogo au laini, ataomba damu ipimwe homoni.

Mke naye apimwe homoni, ultrasaundi, na ikihitajika picha ya mirija ya uzazi.

Siku yenyewe inakuwaje?

Huchukua saa 2 hadi 4. Wengi hupewa nusu kaputi au ganzi ya mgongoni, kwa sababu mtikisiko mdogo tu wa mgonjwa huharibu kazi. Daktari hupasua sehemu ndogo kwenye mfuko wa korodani, upande mmoja au pande zote mbili, na kuutoa mrija nje.

Hapo ndipo hadubini inaposogezwa. Mrija kwa nje una unene wa milimita 2 au 3, lakini tundu lake la ndani, njia halisi ya mbegu, halifiki hata milimita 1. Nyuzi zinazotumika ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Tabaka la ndani hushonwa peke yake, na tabaka la nje la misuli hushonwa juu yake, ili muungano usivuje. Njia hii ya hadubini ilikuzwa miaka ya 1970 na madaktari kama Sherman Silber wa Marekani na Earl Owen wa Australia. Kabla ya hapo watu walishona kwa macho matupu, na matokeo yalikuwa dhaifu.

Kwa nini daktari hawezi kuniambia mapema ataunganisha wapi?

Kwa sababu jibu liko kwenye tone moja la majimaji. Akishakata ncha ya upande wa korodani, anakamua kidogo, anapaka kinachotoka kwenye kioo na kukiangalia kwenye hadubini palepale chumba cha upasuaji. Majimaji yakiwa maangavu, au yakiwa na mbegu, hata vipande vya mbegu, ni dalili kwamba njia ya chini iko wazi. Ataunganisha mrija kwa mrija. Yakitoka mazito, kama dawa ya meno, na hayana mbegu hata moja, basi kuna kizuizi cha pili kwenye epididimisi. Akiunganisha mrija kwa mrija hapo, amefanya kazi bure.

Inabidi aruke kizuizi hicho: aunganishe mrija wa juu moja kwa moja na epididimisi, ambayo tundu lake ni dogo zaidi. Huu ni kati ya upasuaji mgumu wa hadubini, na nafasi ya kufanikiwa ni ndogo kuliko ule wa kawaida. Si kila anayejua kuunganisha mrija kwa mrija anaweza kuufanya. Kwa hiyo swali kubwa la kumuuliza daktari wako kabla hujalipa shilingi ni hili: "Ukikuta epididimisi imeziba, utaweza kuunganisha huko siku hiyohiyo?" Akisema atashona kidonda na kukupeleka kwingine, tafuta huko kwingine kwanza.

Uliza pia kama wanaweza kugandisha mbegu zitakazopatikana wakati wa upasuaji. Zikihifadhiwa, mtakuwa na akiba endapo muungano hautashika.

Maumivu na kupona?

Utasikia maumivu na uvimbe siku za mwanzo, dawa za kawaida huyatuliza. Vaa chupi ya kubana inayoshika korodani kwa wiki kadhaa, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa siku ya kwanza na ya pili, na pumzika. Kazi ya mezani unaweza kurudia baada ya siku chache hadi wiki moja. Kubeba magunia, kuendesha bodaboda, kulima na mpira, subiri wiki 3 hadi 4. Tendo la ndoa, na pia kujichua, subiri wiki 2 hadi 4 kama daktari atakavyoelekeza. Wanaokiuka hili huchana mishono ambayo haiwezi kushonwa tena kirahisi.

Rudi hospitali haraka ukiona mfuko unavimba na kuwa mgumu kwa kasi, homa, usaha, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Damu kuvia ndani na maambukizi hutokea kwa wachache. Korodani kusinyaa kwa kukosa damu ni nadra.

Nguvu za kiume zitaguswa?

Hapana. Homoni ya kiume huingia moja kwa moja kwenye damu, haipiti kwenye mirija hii. Vasektomi haikuigusa na kufunguliwa hakutaigusa.

Mbegu zitaonekana lini?

Kipimo cha kwanza cha shahawa hufanywa kati ya wiki 6 na miezi 3, kisha hurudiwa kila baada ya miezi 2 au 3. Mrija ukiunganishwa na mrija, wengi huona mbegu ndani ya miezi 3 hadi 6. Ukiunganishwa na epididimisi, huenda mkasubiri mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Kumbukeni kwamba mbegu moja kutengenezwa tu huchukua zaidi ya miezi 2.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2021, linaweka kiwango cha chini cha mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Ukipata milioni 9 usivunjike moyo. Kiwango hicho kimetokana na wanaume waliopata watoto, na wapo waliopata watoto wakiwa chini yake.

Mbegu zimerudi lakini mimba haiingii. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni upande wa mke, kama nilivyosema. Ya pili ni kovu: muungano uliofunguka vizuri unaweza kujibana tena miezi au miaka baadaye, idadi ikashuka kutoka kipimo hadi kipimo. Ndiyo maana vipimo vinarudiwa, na ndiyo maana nashauri msiahirishe kujaribu kwa miaka baada ya kufunguliwa. Ya tatu, mbegu zinaweza kuwapo lakini haziogelei vizuri. Wengi waliofunga wana kingamwili dhidi ya mbegu zao wenyewe, na kwa wengi wao hilo halizuii mimba, ila kwa wachache linachangia.

Na kuna jambo ambalo vijana wa gym hawaliambiwi: sindano na vidonge vya testosteroni hushusha utengenezaji wa mbegu, wakati mwingine hadi sifuri. Ukiwa unazitumia, mwambie daktari kabla ya upasuaji. Sigara nayo iache.

Kuna mitishamba ya kuunganisha mirija?

Hakuna. Mrija uliokatwa na kufungwa hauunganishwi na mizizi, kombe, wala vidonge vya kuongeza mbegu. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona familia zikipoteza miaka kwenye dawa hizo, na miaka ndiyo kitu msichokuwa nacho cha kupoteza.

Si bora kwenda moja kwa moja kwenye upandikizaji?

Kwa baadhi yenu, ndiyo. Daktari anaweza kutoa mbegu kwa sindano kutoka kwenye epididimisi au korodani, kisha maabara ikaingiza mbegu moja ndani ya kila yai la mke, na kiinitete kikapandikizwa kwenye mfuko wake wa uzazi. Watoto wa kwanza wa njia hiyo ya sindano walitangazwa Brussels mwaka 1992. Upandikizaji wenyewe upo Afrika Mashariki kwa muda sasa: Kampala ilipata watoto wake wa kwanza mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006.

Mimi naupima hivi. Mke akiwa chini ya miaka 35, mirija yake mizima, na mnataka mtoto zaidi ya mmoja, kufunguliwa kwa kawaida kuna faida: mnalipa mara moja, mnajaribu nyumbani kila mwezi, na mke hapigwi sindano za homoni wala kutolewa mayai. Mke akiwa amekaribia 40 au amezidi, au mirija yake imeziba, au ana akiba ndogo ya mayai, msipoteze mwaka kusubiri kovu lipone. Muoneni mtaalamu wa upandikizaji kwanza. Walio katikati ya hali hizo mbili wanahitaji kukaa na madaktari wote wawili, wa mwanaume na wa mwanamke, na kuweka hesabu mezani.

Gharama zikoje, na nimwone nani?

Mtafute daktari bingwa wa mfumo wa mkojo mwenye mafunzo ya upasuaji wa hadubini. Mabingwa wa mfumo wa mkojo hufundishwa katika hospitali za Muhimbili na KCMC Moshi, na Chuo Kikuu cha Nairobi, na ofisi za huko zinaweza kukuelekeza. Muulize amefungua wangapi, na wangapi walipata mtoto. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa.

Bima nyingi hazilipii. Walioko Uingereza wajue kwamba huduma ya afya ya umma kwa kawaida hailipii kazi hii, na walioko Marekani hulipa wenyewe mara nyingi, kati ya dola 5,000 na 15,000. Mnapopewa bei, hakikisheni imejumuisha mtoa ganzi, hadubini, kitanda na vipimo vya shahawa vya baadaye.

Dini inasemaje?

Waislamu na Wakatoliki huuliza hili zaidi, kwa sababu walisikia kufunga kabisa kukikatazwa. Kufungua ni kurudisha kilichofungwa, na wengi huliona kama kurekebisha. Mwenye wasiwasi aongee na shehe au padri wake, asilibebe peke yake.

Tangu nifunge nina maumivu ya korodani. Kufunguliwa kutasaidia?

Mwanaume mmoja au wawili katika 100 hubaki na maumivu ya muda mrefu baada ya vasektomi. Dawa na vazi la kushika korodani hujaribiwa kwanza. Zikishindwa, kufunguliwa huwapa nafuu baadhi yao, hata kama hawataki mtoto tena.

Mtoto atakuwa na kasoro kwa sababu ya mbegu zilizokaa?

Mbegu za zamani zilikwisha kufyonzwa. Zitakazotoka ni mpya, na kufunguliwa hakujaonekana kuongeza kasoro za kuzaliwa.

Upasuaji ukishindwa, unaweza kurudiwa?

Unaweza, ikiwa mrija uliobaki una urefu wa kutosha. Nafasi hupungua kidogo kuliko mara ya kwanza, na hapo ustadi wa daktari unahesabika maradufu. Walio na mbegu zilizogandishwa wanaweza kuzitumia kwa upandikizaji badala ya kurudi kwenye kisu.

Tukishapata mtoto, nifunge tena?

Inawezekana, na si lazima. Mradi mbegu bado zinapita, mke anaweza kushika mimba nyingine mapema kuliko mlivyopanga, kwa hiyo chagueni njia ya uzazi wa mpango kwenye kliniki ya wiki ya 6 baada ya kujifungua. Mkifikiria mtoto wa pili, msikae muda mrefu, na mpime shahawa kila baada ya miezi michache kuona kama njia bado iko wazi.